Siku ya makabidhiano: leseni za hifadhidata huria na mshauri anayelipwa

Ndugu mwenyekiti, waandaaji wa kikao hiki, na ninyi wenzangu mnaojipatia riziki kwa kujenga mifumo ya watu wengine: habari za asubuhi, na ahsanteni kwa kunialika.

Swali ninaloulizwa na washauri wa programu kuliko jingine lolote ni hili: nimemjengea mteja mfumo, data zinakaa kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, mteja amenilipa. Je, Oracle, kampuni inayoimiliki MySQL, ananidai? Anamdai mteja wangu? Vijiweni kuna majibu mawili. La kwanza linasema hiyo ni ya bure, weka, usijisumbue. La pili linasema hiyo ina GPL, leseni inayomtaka anayegawa programu atoe na msimbo wake, ukiigusa tu mfumo wako wote unakuwa wa kila mtu, kaa nayo mbali. Yote mawili hutolewa kwa kujiamini mbele ya wateja, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba yote mawili si kweli. La kwanza linamwingiza mteja kwenye hatari asiyoijua. La pili linamfanya anunue leseni asiyoihitaji, kwa fedha ambazo zingelipia kazi yetu.

Ninalotaka tuelewane leo ni jambo moja. Sehemu kubwa ya leseni hizi haimbani anayetumia programu. Inambana anayeikabidhi kwa mwingine. Na ukifuata safari yote, kutoka kwa watunzi wa hifadhidata hadi kwa karani wa SACCOS anayeingiza marejesho ya mkopo, utakuta anayekabidhi ni sisi. Mteja anatumia. Oracle amechapisha. Katikati yao yupo mtu aliyebeba nakala, akaiunganisha na msimbo wake, akaisimika, akasaini hati ya makabidhiano na kutuma ankara. Leseni inamtazama huyo.

Tuanze na MySQL, maana ndiyo iliyo kwenye seva nyingi tunazozikuta. Ilianza Sweden mwaka 1995, mikononi mwa Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson. Mwaka 2000 kampuni yao, MySQL AB, iliiweka chini ya GPL toleo la 2, na wakati huohuo ikaendelea kuuza leseni ya kibiashara kwa yeyote asiyetaka masharti ya GPL. Sun Microsystems iliinunua kampuni hiyo mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 1, Oracle ikaichukua Sun mwanzoni mwa 2010, na mpango wa leseni mbili ukabaki ulivyo. Biashara hiyo ya milango miwili ndiyo asili ya hofu yetu. Anayeuza tiketi za mlango wa pili hana sababu ya kukueleza jinsi mlango wa kwanza ulivyo mpana. Ni juu yako kuusoma mwenyewe.

Na ukiusoma, unakuta nini? Kifungu cha 0 cha GPL toleo la 2 kinasema kuiendesha programu hakuna kizuizi. Kifungu cha 1 kinakuruhusu kutoza fedha kwa kazi ya kuhamisha nakala, na kuuza dhamana ukipenda. Kifungu cha 3 ndicho chenye wajibu: ukimpa mtu programu iliyokwisha kutafsiriwa kuwa faili za kuendesha, umpe pamoja nayo msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watunzi, au umpe ahadi ya maandishi, itakayodumu miaka 3 angalau, kwamba akiuhitaji ataupata kwa gharama ya kunakili tu.

Kwa hiyo hospitali ya mkoa inaweza kuendesha MySQL kwenye seva 1 au seva 40. Wewe unaweza kulipwa kuisimika, kuiongezea kasi, kuiokoa usiku wa manane inapoanguka, kufundisha watu wake, na hakuna anayedaiwa senti. Hilo si hisani ya Oracle, ni haki iliyoandikwa kwenye leseni. Nazungumzia toleo la Community, lile la GPL. Toleo la Enterprise ni kitu kingine kabisa: hupatikana kwa majaribio, lina zana zake za chelezo, yaani nakala za akiba za data, na za ukaguzi, na muda wa majaribio ukiisha mteja anakuwa anatumia kitu asichokilipia. Mshauri anayelisimika hilo ili chelezo ya wiki moja ikamilike, kisha akaenda zake, amemwachia mteja deni. Kama shida ni chelezo, Percona XtraBackup ipo, nayo ni GPL.

Sasa tuje kwenye kukabidhi kwenyewe. Ni lini hasa nakala inatoka mkononi mwako? Watu wengi hudhani ni pale unapouza diski yenye programu, kama zamani. Sivyo. Umenunua kompyuta Kariakoo, ukaipakia mfumo wa duka la dawa pamoja na MySQL ndani yake, ukaipeleka kwa mwenye duka: umekabidhi. Umemtumia mteja faili la mashine pepe: umekabidhi. Umempa taswira ya Docker yenye kila kitu ndani, pamoja na mfumo endeshi wa Linux na hifadhidata: umekabidhi vitu vingi kwa mkupuo, kila kimoja na leseni yake. Lakini ukimwelekeza fundi wa TEHAMA wa mteja aipakue MySQL mwenyewe kutoka kwenye tovuti yake, nakala hiyo hukuigawa wewe. Na ukiendesha mfumo kwenye seva yako, mteja akaingia kwa kivinjari tu, chini ya GPL hujakabidhi chochote.

Kwa seva ya hifadhidata pekee, wajibu wa kukabidhi ni mwepesi mno kiasi kwamba nashangaa tunavyoukwepa. Weka maandishi ya leseni. Weka msimbo chanzo wa toleo hilohilo kwenye diski ileile. Huko wilayani ambako intaneti inasuasua na tunabeba kila kitu kwenye flashi, basi flashi ibebe na chanzo. Kazi imekwisha. Mfumo wako mwenyewe hauguswi kwa sababu tu umekaa jirani na MySQL kwenye diski moja. GPL inasema waziwazi kwamba programu kuwekwa pamoja kwenye chombo kimoja cha kuhifadhia hakuifanyi ya pili kuwa chini ya leseni ya kwanza.

Uzito uko kwingine, mahali ambapo wengi wetu hatutazami: kiunganishi. Hiki ndicho kipande cha msimbo kinachoingia ndani ya programu yako ili iweze kuzungumza na hifadhidata. Seva iko nje ya programu yako, lakini kiunganishi kiko ndani, kimefungwa pamoja nayo. Free Software Foundation, walioandika GPL, wanashikilia kwamba programu iliyounganishwa na maktaba ya GPL (maktaba ni msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie) ni kazi moja nayo, na ikigawiwa lazima igawiwe kwa GPL. Si kila mwanasheria anakubaliana nao hadi mwisho, lakini mshauri mwenye busara hajengi biashara yake juu ya tumaini kwamba hakimu atawakatalia.

Connector/J ya Oracle, kiunganishi cha lugha ya Java, ile tunayoiweka kwenye kila mradi wa Java bila kufikiri, ni GPL toleo la 2, pamoja na msamaha kwa miradi ambayo yenyewe ni ya chanzo huria. Programu yako iliyofungwa haimo kwenye msamaha huo. Lakini MariaDB, tawi alilolianzisha Widenius mwaka 2009 baada ya Oracle kutangaza kuinunua Sun, ina viunganishi vyake vya Java na vya C vilivyo chini ya LGPL, ambayo inaruhusu programu iliyofungwa kuvitumia kwa masharti mepesi. Kwa PHP mambo ni mepesi zaidi. Tangu PHP 5.3 ya mwaka 2009 kuna mysqlnd, kiunganishi kilichoandikwa upya chini ya leseni ya PHP yenyewe, kwa hiyo mfumo wa PHP hauhitaji kugusa maktaba ya GPL ya Oracle. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. MySQL AB walipohamisha maktaba zao kutoka LGPL kwenda GPL, watu wa PHP walijikuta pabaya, na ndiyo maana msamaha ule ulitangazwa mwaka 2004. Kwa Python, PyMySQL ni ya leseni ya MIT, isiyodai msimbo wako, wakati Connector/Python ya Oracle ni GPL na msamaha uleule.

Mnaona inavyokwenda? Washauri wawili, mfumo uleule, hifadhidata ileile, mteja yuleyule. Mmoja ametumia kiunganishi hiki, mwingine kile, na wajibu wao kisheria umeachana kabisa. Huo ni mstari mmoja kwenye faili la utegemezi, lile linaloorodhesha maktaba za mfumo. Nendeni mkaufungue leo jioni.

Na hata kiunganishi kikiwa cha GPL, bado msikimbie, maana hapa ndipo jibu la pili la vijiweni linapoanguka. GPL haikuagizi uitangazie dunia msimbo wako. Inakuagiza umpe msimbo yule uliyempa programu, na usimzuie kuutumia, kuubadilisha wala kuugawa. Sasa fikirini kazi zetu nyingi zilivyo. Shirika linakulipa ulijengee mfumo wake wa malipo ya wakulima. Mfumo ni wa kwake, umeutengeneza kwa mahitaji yake, na hadidu za rejea zenyewe zinakutaka ukabidhi msimbo chanzo. Ungeukabidhi hata kama GPL isingekuwepo! Katika kazi ya namna hiyo GPL haikunyang'anyi kitu. Pengine inampa mteja uhuru wa kumwita mshauri mwingine baada yako, na mimi naona huo ni uhuru anaostahili mteja aliyelipa.

Mambo hubadilika pale kazi inapogeuka kuwa bidhaa. Umejenga mfumo mmoja wa SACCOS, ukaupenda, ukauza kwa SACCOS ya pili, ya tano, ya ishirini, kila mmoja kwenye kompyuta zake, na riziki yako inategemea kwamba hakuna mwenye msimbo ila wewe. Hapo kiunganishi cha GPL kikiwamo ndani, SACCOS ya kwanza ina haki ya kudai chanzo chote na kukigawa kwa nyingine zote. Una njia tatu: ubadili kiunganishi, ununue leseni ya kibiashara, au uamue kuuza huduma badala ya msimbo. Njia hii ya tatu si ndoto. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliozaliwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Eldoret, Kenya, na Indiana, Marekani, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinaitumia kukusanya takwimu, ni ya leseni ya BSD, ambayo nayo haidai msimbo wako, na inakaa juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Wako vijana wa Afrika Mashariki wanaolisha familia zao kwa kuisimika, kuirekebisha na kuifundisha. Hawauzi msimbo.

Nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko viunganishi: mikataba tunayosaini. Someni zabuni za serikali na za mashirika. Karibu zote zina kifungu kinachosema mshauri atahamisha kwa mteja haki zote za hakimiliki katika mfumo wote, na kwamba anatoa dhamana kuwa hakuna sehemu ya mfumo iliyo mali ya mtu mwingine. Tunasaini. Kisha tunakabidhi mfumo wenye Linux, MySQL, maktaba 200 za JavaScript, na kipande chetu kidogo juu yake. Tumeahidi kuhamisha haki tusizokuwa nazo. Tumetoa dhamana kwa programu ambazo watunzi wake wenyewe wameandika, kwa herufi kubwa, kwamba hawatoi dhamana yoyote. Kama kitu kikiharibika, mteja hatamtafuta mtunzi aliyeko Sweden au Marekani. Atamtafuta aliyesaini.

Kwa wenzetu wa Kenya kuna la ziada. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki yake inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba ukinyamaza, umetoa. Na maktaba zako ndogo ulizokuja nazo, zile unazozitumia kwa kila mteja, zinaweza kuvutwa kwenye ubishi uleule kama hukuzitenga kwa maandishi.

Msidhani haya ni ya nadharia. Ufaransa, mwaka 2005, serikali ilitoa zabuni ya tovuti ya huduma za umma, na kampuni ya simu ya Orange wakashinda. Ndani ya kazi yao waliingiza Lasso, maktaba ya utambulisho ya kampuni ndogo iitwayo Entr'Ouvert, iliyotolewa kwa milango miwili kama MySQL: GPL kwa wanaokubali masharti, leseni ya kulipia kwa wasiotaka. Orange hawakununua leseni, na masharti ya GPL hawakuyatimiza. Shauri lilizunguka mahakamani zaidi ya miaka 10. Tarehe 14 Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris iliwaamuru Orange walipe fidia ambayo pamoja na gharama za kesi inapita euro 800,000. Orange wana uwezo wa kulipa. Mshauri wa watu wanne mwenye ofisi Sinza hana.

Kuna shauri jingine, la Marekani, linalotuhusu moja kwa moja kwa sababu aliyeshitakiwa ni mtu wa kazi yetu. Neo4j ni hifadhidata ya grafu. Toleo lake la Enterprise lilikuwa chini ya AGPL, ndugu ya GPL inayodai msimbo hata kwa programu iliyorekebishwa na kutolewa kama huduma ya mtandaoni, kisha mwaka 2018 kampuni ikaongeza juu yake sharti liitwalo Commons Clause, linalozuia kuuza programu hiyo au huduma ambayo thamani yake inatokana nayo. Kampuni ya ushauri ya PureThink, iliyokuwa mbia wa Neo4j ikihudumia ofisi za serikali, iliachana nao, na watu wake wakaendelea kutoa toleo lililoondolewa sharti hilo. Walisema AGPL yenyewe inamruhusu mpokeaji kuondoa vizuizi vya nyongeza. Mahakama haikuwakubalia. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kulitangaza toleo hilo kuwa la chanzo huria lisilo na masharti kulikuwa kuwapotosha wateja, na mwaka 2024 mahakama ya chini ikaamuru fidia ya karibu dola 597,000. Shauri likakatiwa rufaa tena, na watetezi wa programu huria wana hoja nzito kwamba AGPL imesomwa vibaya. Mimi niko upande wao katika hoja hiyo. Lakini hoja nzuri haikulipii wakili kwa miaka sita, na wateja wako hawatakusubiri.

Kutoka kwenye shauri hilo chukueni mambo mawili. Kwanza, neno unalomwambia mteja kwenye pendekezo lako la kazi, kwamba kitu hiki ni huria, ni kauli ya kibiashara unayoweza kushitakiwa kwayo. Pili, kabla hujasaini mkataba wa ubia na kampuni yoyote ya hifadhidata ili upate punguzo na nembo ya kuweka kwenye tovuti, soma unakuzuia nini kuhusu toleo lake huria, sasa na baada ya ubia kwisha. Alama za biashara nazo si za kuchezea. Mwaka 2002 huko Massachusetts, MySQL AB na kampuni ya NuSphere walipofikishana mahakamani, watu walisubiri kusikia hakimu atasema nini juu ya GPL, kumbe amri ya awali ilitoka kwa sababu ya jina MySQL kutumiwa bila ruhusa.

Sasa kuna wimbi la miaka ya karibuni. Oktoba 2018 MongoDB, kampuni ya hifadhidata yenye jina hilohilo, waliacha AGPL wakaja na leseni yao wenyewe, SSPL. Sababu yao ilikuwa kampuni kubwa za huduma za wingu, zilizokuwa zikichukua hifadhidata huria na kuiuza kama huduma bila kurudisha chochote. SSPL inasema ukitoa programu hiyo kama huduma kwa wengine, utoe pia msimbo wa kila kitu unachokitumia kuiendesha huduma hiyo: usimamizi, ufuatiliaji, chelezo, vyote. Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni huria, hawajaitambua kuwa leseni huria, na Debian na Fedora, wasambazaji wa Linux, wakaiondoa MongoDB kwenye maghala yao. Elasticsearch, programu ya kutafutia data, ikafuata Januari 2021, na Redis, hifadhidata ya data za haraka, Machi 2024. Kwa hizo mbili za mwisho yalizaliwa matawi huria: OpenSearch kutoka Elasticsearch, Valkey kutoka Redis. Kisha Elasticsearch mwaka 2024 na Redis mwaka 2025 zikaongeza tena AGPL kama chaguo.

Je, wewe mshauri unaguswa? Mara nyingi hapana. Ukimjengea mteja programu inayotunza data zake kwenye MongoDB, na watumiaji wanaiona programu tu, huuzi hifadhidata kama huduma. Ukisimamia MongoDB kwenye seva za mteja, kwa niaba yake, kwa ninavyoisoma leseni, huduma ni yake. Lakini wapo miongoni mwetu waliokodi seva kubwa mahali fulani na kuwagawia wateja wadogo hifadhidata kwa mwezi, kila mmoja na nywila yake. Huyo ameshaingia kwenye eneo ambalo SSPL na leseni ya Redis zililengwa. Ajue, na achague Valkey au PostgreSQL kabla hajakua.

Kuna pia leseni zinazohesabu. MaxScale ya MariaDB, programu ya kugawa kazi kati ya seva za hifadhidata, toleo la 2.0 la mwaka 2016, ilitoka na BSL (Business Source License), leseni inayoruhusu matumizi kwa kiasi, kisha baada ya miaka isiyozidi 4 toleo hilo linageuka kuwa huria kweli. Kiasi chenyewe kilikuwa seva za hifadhidata chini ya 3. Na sote tunajua kundi la Galera, yaani seva kadhaa za hifadhidata zinazofanya kazi kama moja, linalosimama imara linaanza na seva 3! Mshauri aliyefuata ushauri mzuri wa kiufundi alivuka mpaka wa leseni siku ileile aliyosimika. Hifadhidata ya CockroachDB tangu Novemba 2024 inapima mapato ya mteja: chini ya dola milioni 10 kwa mwaka, Enterprise ni bila malipo, tena kwa sharti la kutuma taarifa za matumizi kwa kampuni. Kwa benki, sharti hilo la taarifa pekee linaweza kuwa tatizo kubwa kuliko bei. Huwezi kupendekeza hifadhidata hiyo bila kumuuliza mteja hesabu zake, na swali hilo liulizwe mwanzoni, si wiki ya makabidhiano.

Mtaniuliza, basi wewe unachagua nini? Naanza na PostgreSQL, na ninahitaji sababu ya kuiacha. Ilizaliwa Berkeley, kwenye mradi wa POSTGRES ulioanza 1986 chini ya Michael Stonebraker. Leseni yake ni fupi, inataka ubakize tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yenyewe, na basi. Unaweza kuikabidhi, kuibadilisha, kuifungia ndani ya bidhaa yako. Kiunganishi chake cha Java ni BSD. Lakini sababu kubwa kwangu si ufupi wa leseni. Ni kwamba hakuna kampuni moja inayomiliki hakimiliki yote. Redis nayo ilikuwa BSD, leseni pana kama hii, na kampuni moja iliweza kubadili masharti ya matoleo yaliyofuata kwa tangazo la siku moja. Ukimshauri mteja ajenge juu ya hifadhidata kwa miaka 10, unamshauri pia juu ya mwenye hifadhidata. Ulizeni: hakimiliki iko kwa nani, na nani anaweza kubadili leseni peke yake? Kwa programu ndogo za simu na za dukani, SQLite haina swali lolote, imeachwa wazi kwa umma.

Na mkiikuta tayari MySQL kwa mteja, iacheni ikae. Ni hifadhidata nzuri, GPL yake ni ya kuaminika, na kumhamisha mteja kwa hofu tu ni kumlia fedha.

Nimalize kwa kifungu ninachokiweka kwenye kila mkataba wangu. Kinasema hivi: "Mfumo huu unajumuisha kazi mpya zilizoandikwa na Mshauri, na programu za watu wengine zilizoorodheshwa katika Kiambatisho, kila moja kwa leseni yake. Haki za Mshauri katika kazi mpya zitahamia kwa Mteja malipo ya mwisho yatakapokamilika. Programu zilizo katika Kiambatisho zitabaki chini ya leseni zake, na hakuna neno katika mkataba huu litakalosomwa kuwa linazihamisha, linazibana au linazitolea dhamana zaidi ya leseni hizo." Kiambatisho kina jina la programu, toleo, leseni, ilikopatikana, na kama nimeibadilisha au la. Maofisa ugavi hukikataa mara ya kwanza, kwa sababu hakifanani na fomu yao. Nikiwaonyesha orodha, wakaona Linux na hifadhidata zimo, wanaelewa kwamba hakuna mzabuni mwingine yeyote anayeweza kuwahamishia hizo pia. Kinachobaki ni nani kati yetu amewaambia.

Nakala za kifungu hicho ziko mezani pale mlangoni. Kipelekeni kwa wakili akirekebishe kulingana na sheria ya nchi mnayofanyia kazi. Sasa naomba maswali, na mwenye mfumo uliokwisha kukabidhiwa, asiye na hakika ni kiunganishi gani kimo ndani yake, nitafurahi aanze yeye.